Tafri

Detekta niliinunua Chunya kwa mtu aliyekwisha kata tamaa,
betri sita, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Dhahabu haikunitaka kule. Nikarudi nayo Tanangozi
kama mtu arudiye kwao na mbwa wa kuwinda
wakati swala walishahama.

Waliocheka walicheka:
Kikoti anafagia mashamba ya watu kwa ufagio wa umeme.

Lakini sikio hufundishika.
Chuma hukoroma.
Kizibo cha soda hulia kwa kiherehere, kama mtoto atakaye aonekane.
Jembe lililovunjika huitika toka chini, zito, halina aibu.
Nimeshafukua misumari ya kuezekea kanisa,
bizimu la mkanda, makopo ya samaki,
ufunguo wa kufuli ambalo mlango wake haupo.

Alhamisi, baada ya mvua ya kwanza,
shambani kwa Mama Kolumba, alizeti ishavunwa,
kando ya kichuguu ambacho plau hukikwepa,
sauti ilikuja nyembamba.
Ikapanda, ikatulia.
Nikarudisha mkono; ikarudi ileile.
Nikapiga magoti. Kiganja cha udongo mwekundu, cha pili,
katika cha tatu palikuwa na duara.

Pete. Nyeusi kama tako la sufuria.
Sikuisugua kwa mchanga (hilo nilijifunza kwa hasara).
Niliitemea mate, nikaifuta kwa pindo la shati,
na ndani, pale kidole kinapolala,
herufi tano: TAFRI.

Usiku ule sikulala, nilimtafuta Tafri.
Oresta, wewe wa kwaya, unajua majina ya ubatizo,
yupo Tafri? Akageukia ukutani: Lala.
Nikampa Tafri ukoo. Nikampa mchumba mwenye kikohozi.
Nikamwona akipepeta ulezi, mkono ukisita hewani,
kidole kimekuwa chepesi ghafla.

Iringa mjini, Mashine Tatu, fundi Nyagawa
hakuitazama kwanza. Aliidondosha juu ya kioo cha meza
akasikiliza.
Fedha, akasema.
Ndipo akabana lenzi jichoni, akaigeuza polepole
mpaka nikaona mgongoni vijistari vya ukingo wa sarafu
ambavyo nyundo haikuvimaliza.

Tafri si mtu, bwana. Umesoma tumbo la neno.
Hii ilikuwa rupia ya Mjerumani.
OSTAFRIKA: nyundo imekula kichwa, imekula mkia.
Na hapa katikati, penye tundu,
alikaa mfalme wao na kofia ya chuma, ndege juu yake.
Mtu alimtoboa
ili kidole kipite.

Kwa uzito, elfu kumi na tano. Nikiyeyusha.

Usiyeyushe.

Njiani nilipiga hesabu isiyo yangu.
Wazee husema kodi ilikuwa rupia tatu kwa kila nyumba.
Basi kuna mtu, askari akiwa njiani na daftari,
aliyeichukua theluthi ya nyumba yake
akaigonga kwa kijiko, usiku, ukingo baada ya ukingo,
taratibu, majirani wasisikie,
kwa ajili ya kidole chembamba hivi.

Kwa Oresta iligoma kwenye kifundo.
Kwangu hata ukucha haukupita.

Tulikubaliana nusu kwa nusu na Mama Kolumba,
na pete haikatwi. Akaishika juani,
akaniomba nimsomee, nikamsomea, nikamweleza yote,
kodi, nyundo, mfalme aliyetobolewa.
Akanyamaza kidogo.
Huyo fundi ama hakujua kusoma, akasema,
ama alijua sana.
Akaitia kidoleni, kile cha mwisho. Ikapita.
Akaenda kuwafungulia mbuzi
bila kusema lolote kuhusu nusu yangu.

Mimi bado namwita Tafri.
Najua alivyosema fundi. Lakini mwenyewe nimwiteje?

Oresta kanunua betri.
Upande wa pili wa kichuguu sijapima.